Tuta Huwekwa Panapovukwa

Barabara ya kusini Unguja, ile inayotoka mjini ikapita Tunguu na kuelekea Paje na Makunduchi, inaukata msitu wa Jozani vipande viwili. Ilipotiwa lami mpya katika miaka ya 1990, magari yalianza kwenda mbio, na walioumia kwanza ni kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja, hana kwao kwengine duniani. Kima hawa hutoka msituni kwenda kula majani katika mashamba ya ng'ambo ya barabara, kisha hurudi, na katika kwenda na kurudi huko wakawa wanagongwa. Tiba iliyopatikana ilikuwa ndogo na ya akili. Waliokuwa wakiwafuatilia wanyama wale walijua wanavukia wapi, na matuta machache yakajengwa hapo hapo, wala si njia nzima. Vifo vikapungua. Mpaka leo dereva wa daladala ya Makunduchi hupunguza mwendo pale hata usiku, kwa sababu anajua tuta liko wapi.

Swali hilo hilo, la wapi pa kuweka matuta machache kwenye njia ndefu, linaikabili leo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania. Tume hiyo imezaliwa na sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi Dar es Salaam tarehe 3 Aprili 2024. Kazi ilizopewa ni nyingi kuliko umri wake: isajili kila taasisi inayokusanya au kuchakata taarifa za watu, ipokee malalamiko, ichunguze, itoze faini, ielimishe umma, iishauri serikali, ifuatilie teknolojia mpya, ishirikiane na wenzake wa nje. Mwenye kazi zote hizo hana budi kuchagua ipi itangulie. Katika lugha ya maofisini kuchagua huko huitwa mpango mkakati, na huonekana kama makaratasi ya wakubwa yasiyomhusu mtu wa Pete au Kitogani, vijiji vya kando ya msitu ule. Ukweli ni kwamba ndiko kunakoamua nani atalindwa katika miaka mitano ijayo na nani ataambiwa asubiri. Ninachokishikilia ni kwamba mdhibiti wa faragha apange vipaumbele vyake kwa kumtazama mtu ambaye hawezi kukataa kutoa taarifa zake. Kwa upande wa Zanzibar, mtu huyo amesimama hasa mahali ambapo mkono wa sheria hii haufiki.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Taarifa binafsi ni chochote kinachomtambulisha mtu: jina, namba ya simu, sura yake katika picha, alama ya kidole, maradhi aliyonayo, deni analodaiwa. Baadhi sheria inazihesabu kuwa nyeti na kuzitakia ulinzi mkubwa zaidi, zikiwemo taarifa za watoto, za afya, za miamala ya fedha, za vinasaba na za maumbile ya mwili kama alama za vidole. Faragha inapovunjika, mara nyingi haivunjwi na majasusi. Karatasi za maofisini huuzwa kwa kilo, na mtu akinunua karanga jioni anaweza kukunjua kifuko akakuta fomu ya mwanafunzi: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, namba ya simu, saini. Anazila karanga, karatasi anaitupa, inapeperuka. Mwenye fomu hatajua maisha yake yote kwamba jina lake lilipita mkononi mwa mtu huyo. Jambo hili la kutojua nitalirudia, kwa sababu ndilo linalofanya upangaji wa kazi ya mdhibiti wa faragha uwe mgumu kuliko wa daktari au wa polisi. Mgonjwa huhisi maumivu, na aliyeibiwa huona kabati tupu. Aliyevujishiwa taarifa zake hana anachokiona wala anachokihisi mpaka siku ya madhara.

Nchi zilizotutangulia zimejaribu njia mbalimbali za kuchagua. Ilipopanga upya vipaumbele vyake mwaka 2015, ofisi ya Kamishna wa Faragha wa Kanada iliwasikiliza wataalamu na raia wa kawaida, ikatoka na mambo manne ya kushikilia kwa miaka mitano: biashara inayofanywa kwa taarifa za watu, ufuatiliaji unaofanywa na serikali, heshima ya mtu mtandaoni, na mwili wa mwanadamu uliogeuka kuwa chanzo cha taarifa. Mdhibiti wa Uingereza, katika mpango wake wa Julai 2022, alisema wazi kwamba atawatanguliza wanyonge, watoto wakiwemo, pamoja na watu wanaoandamwa na simu za kuwauzia vitu wasivyovitaka. Ufaransa hutangaza kila mwaka mada chache za ukaguzi, na mwaka 2024, Paris ilipokuwa mwenyeji wa Olimpiki, michezo hiyo ilikuwa moja ya mada zenyewe. Wote watatu wanatuzidi kwa mbali kwa fedha na wataalamu, na bado waliona hawawezi kushika kila kitu kwa pamoja.

Sisi tulianza na usajili. Siku ya uzinduzi Rais alitoa agizo taasisi zote za umma na za binafsi ziwe zimejisajili kufikia tarehe 31 Desemba 2024, na baadaye muda ukasogezwa hadi tarehe 30 Aprili 2025. Wanaoutetea mwanzo huu wana hoja nzito: huwezi kumlinda mtu dhidi ya mkusanyaji usiyejua kama yupo, na daftari la wakusanyaji ndilo msingi wa ukaguzi wowote utakaofuata. Nakubali. Lakini daftari lina upofu wake. Anayejisajili mapema ni benki, kampuni ya simu, chuo kikuu, hospitali kubwa, yaani wale wenye mwanasheria wa kuwakumbusha. Duka la fotokopi lenye nakala za vitambulisho zilizosahaulika juu ya mashine halitakuwa la kwanza kupiga foleni. Na cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani hakithibitishi kwamba kabati iliyo chini yake ina kufuli. Hatari zaidi ni kwamba idadi ya waliosajiliwa ni rahisi kuhesabu na inapendeza katika ripoti, na ofisi yoyote ya umma, hata yenye watu waadilifu, huvutwa na kile kinachohesabika. Mpango wa miaka ijayo ukiendelea kujipima kwa vyeti, Tume itakuwa imejenga matuta mahali penye madereva wapole.

Jirani zetu wa Kenya wametuonesha njia nyengine, ya kufuata malalamiko. Sheria yao ni ya mwaka 2019, na Kamishna wao wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Septemba 2023 ofisi yake ilitoza faini tatu kwa mkupuo zilizozungumzwa kila pembe. Kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo ya simu, ilitozwa shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine kuwatumia ujumbe wa vitisho. Ukumbi wa starehe wa Casa Vera ulitozwa 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ya ridhaa yake. Roma School, kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ya idhini ya wazazi, ilitozwa 4,550,000. Faida ya faini hizi si fedha. Kila mwalimu mkuu aliyesikia habari ile alijua siku hiyo hiyo kwamba picha ya mtoto ina mwenyewe. Matukio matatu yaliyochaguliwa vizuri yalifundisha kwa wiki moja kile ambacho semina za mwaka mzima zingeshindwa kufundisha, na Tume yetu ingefaa kuliiga hilo bila kusita. Sheria yetu nayo ina meno: kampuni inayopatikana na hatia ya kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kutozwa hadi shilingi bilioni 5.

Hata hivyo, kufuata malalamiko peke yake kuna kasoro, na wahenga waliiona kabla hatujawa na kompyuta waliposema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kinachotendeka ndani ya daftari au ndani ya kompyuta anakijua yule anayechota humo kila siku: karani, fundi, wakala. Mwenye taarifa yuko nje ya mtungi. Atalalamika vipi? Wanaolalamika ni wale walioona kwa macho yao, kama mteja aliyeikuta picha yake mtandaoni, na katika hao ni wale wanaojua kwamba ofisi ya malalamiko ipo, wanaoweza kuandika, wasioogopa. Mdhibiti anayengoja malalamiko atawahudumia vizuri watu wa mjini wenye simu nzuri na ujasiri, na ramani yake ya maumivu itakuwa tupu huko kwengine. Utupu huo ataweza kuudhania kuwa ni amani.

Ndiyo maana nasema kipimo kiwe uwezo wa kukataa. Chukua usajili wa laini za simu. Laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na ilipofika Januari 2020 zilizobaki nje zikaanza kufungwa. Hebu tumtazame mama aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya wakala, chini ya mwavuli, nje ya soko. Ameweka kidole kwenye kifaa. "Bonyeza tena bi mkubwa, haijasoma." Anabonyeza. "Mara moja tena." Anabonyeza. Hana njia ya kujua kama kweli kifaa hakikusoma, au kidole chake kimeshasajili laini ya pili ambayo kesho itatumika kuwaandikia watu ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Hatari hii haikubuniwa hapa, kwani Mamlaka ya Mawasiliano yenyewe iliweka namba *106# ili mtu ahakiki ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Lakini anayehakiki ni yule anayejua kwamba kuna cha kuhakiki. Bi mkubwa huyu hakuwa na uwezo wa kukataa, maana bila ya laini hapokei fedha za mwanawe aliyeko Dar es Salaam au Muscat. Mahali ambapo mtu hawezi kukataa, ridhaa yake haina uzito, na hapo ndipo mdhibiti anapopaswa kusimama badala yake. Wamo pia katika kundi hili waliokopa kwenye programu za simu na kuona jamaa zao wote wakitumiwa ujumbe wa kuwaaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Watu walishaziita kausha damu, jina ambalo mtaa haulitoi bure.

Sasa tuvuke bahari. Sheria ya mwaka 2022 inasema itatumika Tanzania Bara na Zanzibar, isipokuwa kwa Zanzibar haitagusa mambo yasiyo ya Muungano. Maneno hayo ni mafupi, na ukiyashusha chini mpaka vijijini unaona ukubwa wake. Posta na simu ni jambo la Muungano, benki ni jambo la Muungano, uhamiaji na polisi pia. Kwa hiyo laini ya yule bi mkubwa na mkopo wa simu wa mwanawe vimo ndani ya sheria. Afya haimo. Utalii haumo. Skuli za msingi na sekondari hazimo. Utawala wa mikoa na shehia haumo. Hesabu mwenyewe: taarifa nyeti za maisha ya Mzanzibari wa kawaida, kuanzia cheti cha kliniki ya mama mjamzito mpaka rejesta ya skuli, ziko nje ya mstari huo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya faragha. Lakini Katiba ni paa, na paa haliwi nyumba bila ya kuta za sheria inayosema nani atakagua, nani atapokea malalamiko na kwa muda gani.

Mfano mmoja unatosha, na nauchukua kwa heshima kwa sababu ni kazi njema. Mpango wa Jamii ni Afya, ulioanzishwa mwaka 2019 na Wizara ya Afya ya Zanzibar pamoja na wadau wake, umewapeleka wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 nyumba kwa nyumba katika shehia zote za Unguja na Pemba, kila mmoja na simu yenye programu ya kumuongoza maswali. Mhudumu anabisha hodi, anakaribishwa, anavua viatu, anakaa kwenye mkeka. Anauliza: una mimba ya miezi mingapi, ulishawahi kuharibikiwa, mtoto anaharisha, anakula nini. Majibu yanaingia kwenye simu. Mama huyu anajibu kwa sababu mhudumu ni mtu wa kijiji chake na kwa sababu anataka mwanawe awe mzima, na wapo watoto walio hai leo kwa kuwa simu ile ilimkumbusha mhudumu amuulize mama swali fulani. Hakuna hata mstari mmoja ninaouandika hapa kuipinga kazi hiyo. Nauliza jambo jengine: siku simu ile ikipotea kwenye daladala, siku mshirika akibadilika, siku mtu mwengine akitaka orodha ya wajawazito kwa shughuli zake, ni nani aliye nje ya Wizara mwenye mamlaka ya kisheria ya kuja kuuliza? Mama aliyekaa kwenye mkeka hana uwezo wa kukataa. Kwa kipimo changu, anatangulia mbele ya mteja wa benki.

Zipo meza nyengine za namna hiyo. Ofisi ya sheha, ambayo mara nyingi ni chumba kimoja au baraza ya nyumba yake, ndiyo mlango wa karibu kila haki: barua ya sheha inatakiwa kwa kitambulisho na kwa mengi yanayofuata. Mwenye shida hueleza shida yake mbele ya waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu. Na katika nyumba za wageni kuanzia Nungwi hadi Jambiani, nakala za pasi za kusafiria hujaa kwenye mafaili ya mapokezi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 736,000 kutoka nje, na tangu tarehe 1 Oktoba mwaka huo mgeni hutakiwa pia kununua bima ya safari ya dola 44 kwa kujaza taarifa zake mtandaoni. Kisiwa kinachoishi kwa wageni kinahifadhi taarifa za watu wa dunia nzima, na wengi wao wanatoka katika nchi ambako sheria za faragha ni kali. Hata anayetazama jambo hili kwa jicho la biashara peke yake ana sababu ya kuliharakisha.

Wako watakaosema faragha ni anasa ya Wazungu, na kwamba huku kwetu watu wanaishi pamoja, kila mtu anajua habari za kila mtu. Hoja hii naiona ni ya kusikitisha, kwa sababu inatusahaulisha urithi wetu wenyewe. Tazama nyumba ya Mji Mkongwe ilivyojengwa. Baraza ziko nje, kwa ajili ya mazungumzo ya wote. Ukipita mlango unafika kwenye daka, na hapo mgeni husimama. Ndani zaidi haingii mpaka aitwe. Anayebisha hupiga hodi, na akipiga mara tatu asijibiwe huondoka, wala hana haki ya kukasirika. Adabu hiyo ya kuomba idhini Waislamu wanaisoma katika Surat An-Nur. Lugha yenyewe ina stara, sitara na sitiri, na neno fedheha linabeba uzito ambao sheria yoyote ya kigeni ingeuonea wivu. Kujuana kwa kijiji kulikuwa na mipaka yake: aliyeyajua mambo yako ulimjua naye, na akiyatoa nje jamii ilijua la kumfanya. Kilichobadilika ni kwamba sasa anayetujua hatumjui, wala hapigi hodi.

Pingamizi la pili linatoka serikalini na lina haki ya kusikilizwa. Serikali inahitaji taarifa. Bila ya kujua watoto wangapi watazaliwa Wilaya ya Kusini, haiwezi kupanga chanjo wala madarasa, na nchi maskini ikijifunga kamba nyingi itashindwa kuwahudumia hao hao wanyonge. Jibu lipo Kenya tena. Serikali ya huko ilitumia mabilioni ya shilingi kwenye Huduma Namba, mfumo wa utambulisho wa watu, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi zake ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanywa kabla ya kazi kuanza. Kamba iliyorukwa mwanzoni ndiyo iliyokwamisha jahazi zima. Hapa kwetu, tarehe 8 Mei 2024, Mahakama Kuu katika shauri la wakili Tito Magoti iliona baadhi ya vifungu vidogo vya sheria yetu, katika vifungu vya 22 na 23, havieleweki vizuri na kumwachia mkusanyaji nafasi pana mno, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Tathmini ya mapema hugharimu wiki chache za kazi na kikao kimoja kigumu. Mpango wa Tume ukiweka sharti kwamba hakuna mfumo mpya wa umma utakaowashwa kabla ya tathmini hiyo, serikali yenyewe ndiyo itakayofaidika kwanza.

Wapo pia vijana wa teknolojia watakaosema nazungumzia makaratasi na sheha wakati dunia inazungumzia akili unde. Nawaheshimu, na sikatai kwamba Tume inahitaji watu wanaoielewa mifumo hiyo. Lakini kumbuka Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali. Katikati ya mwaka 2023 maelfu ya watu walijipanga Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho kwa chombo cha duara kinachong'aa, na malipo yake yalikaribia shilingi za Kenya 7,000. Agosti serikali ikasimamisha zoezi lile, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za maumbile zifutwe. Teknolojia ilikuwa mpya kabisa, ila mlango ilioingilia ni wa zamani: watu ambao shilingi 7,000 hazikataliki kwao. Mdhibiti anayejua wapi watu hawawezi kukataa atakuwa ameshafika hapo mlangoni, teknolojia iwe yoyote.

Basi mpango ujao ungebeba nini? Kwanza kabisa, kuliziba pengo la Muungano, na hili si la Tume peke yake. Njia ni mbili. Baraza la Wawakilishi linaweza kuwa na sheria ya Zanzibar yenye maudhui yanayolingana na ya Muungano, au serikali mbili zikubaliane namna ya Tume kufanya kazi Unguja na Pemba katika mambo ya Zanzibar kwa idhini ya Zanzibar. Mimi naelekea kwenye ile ya kwanza, kwa sababu mamlaka iliyozaliwa Chukwani, kwenye Baraza hilo, itakuwa na nguvu ya kumuuliza waziri wa Zanzibar bila ya mtu kunyanyua bendera ya Muungano kujikinga. Sharti ni kwamba pasiwe na daraja mbili za ulinzi, moja ya laini ya simu na nyengine hafifu ya faili la hospitali. Baada ya hapo kazi ni za kushuka chini: ukaguzi wa kushtukiza kwa mawakala wa laini na wakopeshaji, kabati yenye kufuli na chumba cha faragha kwa kila sheha, muda maalumu wa kuchoma nakala za pasi, marufuku ya kuuza karatasi za ofisi kabla hazijachanwa. Malalamiko yapokelewe kwa mdomo na afisa ayaandike, maana sheria inaipa Tume siku 90 za kuchunguza, lakini siku hizo hazianzi kuhesabiwa kwa mtu ambaye hakuweza kuandika barua.

Fedha za haya yote ni chache, na ndiyo sababu nimeanza na matuta. Ofisi za mikoani, kama zile ambazo Kenya imefungua Mombasa na Kisumu, hazitajengwa zote kwa mwaka mmoja. Hata hivyo maafisa wawili wanaweza kukaa mwezi mzima katika shehia zinazouzunguka msitu wa Jozani, wakafuatana na wahudumu wa Jamii ni Afya nyumba kwa nyumba na kuandika ni swali gani huulizwa, jibu hukaa wapi, na nani hulisoma. Wakirudi ofisini watakuwa na orodha ya vipaumbele iliyotoka Pete na Charawe. Na katika ripoti ya mwaka, kando ya idadi ya vyeti vilivyotolewa, kuwe na mstari unaosema ni katika huduma ngapi mama anaweza kumwambia mhudumu "hilo sitalijibu", na mwanawe akapimwa uzito vile vile.